Pumzi Tatu Kabla ya Hodi

Jumapili, 2 Machi

Leo ni miezi kumi na tisa tangu niondoke nyumbani. Nilipoondoka nilisema nitakaa miezi sita.

Mvua zilianza jana. Mvua ikinyesha mpiga lipu hana kazi, maana ukuta wa nje ukilowa haushiki kitu. Unakaa chumbani unasikiliza bati linavyopigwa. Mwenzangu wa chumbani ni mchanganya saruji, tunamwita Radi kwa sababu hajui kusema polepole. Akaniambia, "Kaka, ukiendelea kukaa hapo utaota uyoga. Twende mkutanoni." Nilikwenda ili anyamaze.

Mkutano ni wa kampuni inayouza mafuta ya mikono kwenye makopo madogo ya bati. Hawana duka. Unauza mwenyewe, na ukimwingiza mwenzako naye akanunua, na wewe unapata kidogo. Mwalimu ni mwanamke mfupi mwenye miwani, na hamalizi sentensi mbili bila kusema "tulia." Wote wanamwita Dada Tulia. Nilidhani tutapigishwa makofi na kuimbishwa. Badala yake akatuambia tufumbe macho, tufuatilie pumzi zetu zinavyoingia na kutoka. Radi alikoroma.

Dada Tulia anasema wauzaji wengi hawauzi kwa sababu hawapo. Mwili uko mlangoni kwa mteja, akili iko kwenye kodi ya chumba, na mteja anainusa ile njaa. Kwa hiyo vuta pumzi tatu kabla ya kupiga hodi, ili ufike mzima. Kisha mtazame mtu, umsikilize mpaka amalize. Nami nikawaza, mbona hii ni lipu tu? Ukuta lazima uutazame. Ukiusugua mapema unateleza, ukichelewa unapasuka. Ukuta ndio unaokuambia lini, kama upo.

Nimejiunga. Lakini sikujiunga kwa ajili ya pumzi. Mwisho wa mkutano alisema kampuni itafungua vituo kwenye miji michache, mtu mmoja kila mji, wa kutunza mzigo na kuwagawia wauzaji. Alipotaja mji wetu nilishtuka kama nimeitwa. Kituo atapewa mwenye watu sita chini yake, na kila mmoja awe amenunua mara mbili kwa hiari yake kabla ya Mei kwisha. Hiyo ni kazi ya kufanyia nyumbani. Nilipokuwa nyumbani sikuwa na kazi, ndiyo maana niko huku.

Dada Tulia ametuagiza kuandika kila jioni tulichokiona kwa mtu mmoja. Mimi shule niliachia darasa la sita, lakini kuandika najua.

Jumatatu, 3 Machi

Mvua. Nimemwona Radi. Anakula haraka sana.

Alhamisi, 6 Machi

Nilianza kwa mshonaji wa kona. Nikasimama mlangoni, nikafumba macho, nikavuta pumzi tatu ndefu. Nilipofumbua, mshonaji ameinamisha kichwa, na mteja wake pia. Mshonaji akasema, "Amina. Karibu. Umetumwa na kanisa gani?"

Nikamwambia nauza mafuta. Akacheka mpaka akashika cherehani. Alinunua kopo moja, akakubali kuandikwa chini yangu. Kesho nitavuta pumzi macho wazi.

Jumanne, 11 Machi

Kulikuwa na jua, tulipiga lipu upande wa mashariki. Nyapara wetu alipita chini ya jukwaa mara tano kutuhesabu kama mbuzi. Ana tabia ya kuficha mikono mifukoni hata anapomfokea mtu. Radi anasema anaficha moyo, aliupoteza zamani.

Jumapili, 16 Machi

Mkutanoni tumefundishwa kunyamaza. Ukishataja bei, funga mdomo, vuta pumzi tatu, muache mteja afikiri. Wengi wetu tukiona kimya tunaogopa, tunaanza kubwabwaja na kupunguza bei wenyewe.

Nilimpigia mke wangu jioni. Nikamweleza habari ya kituo, nikamwambia nataka awe mtu wangu mmoja, aandikwe chini yangu. Kisha nikanyamaza, nikaanza pumzi.

"Halo?" akasema. "Halo? Baba watoto? Aa, mtandao umekufa."

Akakata. Nilipopiga tena alikuwa ameshampa bibi wa mtoto wetu simu, na bibi akiishika simu haiachi.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua siku tatu. Nimewaandikisha waosha magari wawili walio chini ya daraja. Mikono yao ni myeupe kwa sabuni, imekunjamana kama ya mzee aliyetoka kuoga. Sikusema mengi. Niliwauliza usiku mikono inawasumbuaje, wakaongea mpaka ndoo zikajaa maji ya mvua. Halafu nikatoa kopo, nikalifungua kwa ncha ya mwiko wangu kama kawaida, nikawapaka. Mmoja alinusa vidole vyake akasema, "Mke wangu atadhani nina mwanamke."

Kwa kweli hili jambo la kusikiliza linafanya kazi. Mtu ukimsikiliza anakuwa kama amekukopesha kitu, hataki uondoke.

Jumamosi, 29 Machi

Mama mwenye nyumba amejiunga. Amesema nisidhani kodi itapungua.

Jumapili, 6 Aprili

Ninao watano: mshonaji, waosha magari wawili, mama mwenye nyumba, na Radi, ambaye alijiandikisha chini yangu akisema yeye ni mvivu wa kuongoza. Nimebakiza mmoja. Nilitoka mkutanoni natembea kama mwenye mji.

Jumatano, 9 Aprili

Nimempigia mke wangu tena, safari hii nikamuuliza moja kwa moja kama nimwandike.

"Uniandike wapi?"

"Chini yangu. Ndivyo inavyoitwa. Mimi juu, wewe chini."

"Chini yako nimekaa miaka kumi na moja," akasema. "Nimepata nini huko?"

Nilicheka, yeye hakucheka. Akasema siku hizi naongea kama tangazo la redioni. Akasema akiniuliza habari za mgongo wangu namjibu habari za kampuni. Nikamwambia vumilia, mvua zikiisha nakuja.

"Baba watoto, usiniambie mvua zikiisha. Mvua huisha kila mwaka. Mtoto naye ameshajua, mtu akimuuliza baba yako anarudi lini, anaonyesha juu mawinguni. Siku ukiwa na tarehe, nipigie uniambie tarehe. Usipokuwa nayo, tuongee mambo mengine."

Sikuwa nayo. Tuliongea mambo mengine. Mbuzi wa jirani amekula mboga.

Alhamisi, 17 Aprili

Hakuna aliyenunua mara ya pili. Kopo ni dogo, ukipaka kila siku halimalizi wiki mbili. Nikimuuliza mshonaji anasema, "Bado lipo, kaka." Waosha magari wanasema bado lipo. Mama mwenye nyumba anasema bado lipo na kodi bado haijaja.

Jumanne, 22 Aprili

Nimechoka, lakini haya lazima niyaandike.

Mvua ilikatika alfajiri. Nyapara akaniuliza ukuta wa kaskazini umekauka? Nikajibu umekauka. Sikuugusa. Nilikuwa juu ya jukwaa nampigia hesabu mshonaji, nitamwambia nini, nitanyamaza wapi. Nilipiga lipu asubuhi nzima na sikumbuki hata mwiko mmoja. Saa saba nikasikia sauti kama mtu anavuta gunia sakafuni. Nikageuka. Lipu yote inashuka. Taratibu, kipande kizima, kama blanketi linaloteleza kitandani. Nikarudi nyuma nisigongwe, mguu ukakanyaga hewa.

Radi alikuwa ngazini na ndoo. Aliitupa ndoo akanidaka mkanda wa suruali. Tukabaki hivyo, mimi nikiwa nusu nje, yeye amekumbatia nguzo. Hakupiga kelele. Mara ya kwanza tangu nimjue, alisema kwa sauti ndogo, "Kaka, rudi. Rudi taratibu."

Nyapara alikuja, akatazama ukuta, akatazama matope chini, akanitazama mimi. Nilingoja matusi. Akasema tu, "Ukuta ulikuwa unatoka jasho, fundi. Hata kipofu angeona." Akasema saruji iliyoharibika itatoka kwenye ujira wangu, na nitaukwangua ukuta mwenyewe. Akaondoka, mikono mifukoni.

Wiki saba najifunza kuwepo, na nimekuwepo kwa wateja peke yao. Kwenye kazi sipo. Kwenye simu na mke wangu sipo. Nimeichukua ile pumzi nikaifanya ndoano ya kuvulia watu. Sikuelewa kitu.

Radi amebaki kunisaidia kukwangua, bila malipo. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Ukifa nitamkoromea nani?"

Jumatano, 23 Aprili

Tumekwangua ukuta. Sikuwaza mauzo.

Ijumaa, 25 Aprili

Leo nimepiga lipu upya. Niliweka kiganja ukutani nikakiacha hapo mpaka nikajua. Kisha mwiko mmoja, kisha mwingine. Sikutaka chochote kwenye ule ukuta ila ukuta. Jioni nilipomaliza, nyapara alikuja akautazama kwa pembeni, jinsi mafundi tunavyotazama, shavu karibu na ukuta. Akatoa mkono mfukoni ili aupapase.

Nikauona mkono wake. Vidole vimejikunja kama vya kuku, ngozi imepasuka mpaka nyekundu inaonekana. Ni mikono ya mpiga lipu wa zamani. Hakuwa anaficha moyo.

Sikumuuzia kitu.

Jumapili, 27 Aprili

Nyapara mwenyewe ameniita. "Nasikia unauza mafuta." Nikamwambia ndiyo. Akanunua kopo, akajiandikisha, akalitia mfukoni haraka kama mtu aliyeiba. Sasa ninao sita.

Kati yao, aliyenunua mara mbili ni Radi peke yake, na Radi alinunua la pili kwa sababu la kwanza alilikalia.

Jumapili, 4 Mei

Dada Tulia leo hakusema "tulia" hata mara moja. Aliongea haraka, anatazama saa, anavua miwani na kuivaa. Baada ya mkutano akanivuta pembeni.

"Kaka yangu, una mmoja tu aliyetimiza. Mwandike mkeo, waandike ndugu zako, kisha wewe ununue kwa majina yao. Ni majina tu. Hakuna atakayeuliza."

"Si ulisema kwa hiari yao?"

"Nilisema," akajibu. Akakaa kwenye kiti kama mtu aliyekatwa kamba. "Mimi nami nina watu juu yangu. Mkoa wangu usipotoa mwenye kituo hata mmoja, hili darasa wananiondoa."

Nilikuwa namwona kama mtu asiyeyumba. Kumbe anafundisha pumzi kwa sababu anazihitaji. Sikumchukia. Nilimwambia, "Dada, tuvute tatu." Tukavuta. Alitoa machozi kidogo, akacheka, akasema niende zangu.

Mke wangu simwandiki. Alishanijibu.

Jumatano, 7 Mei

Mvua. Bado lipo, bado lipo, bado lipo.

Jumanne, 13 Mei

Leo, kabla sijasahau hata neno moja.

Wakati wa chakula nyapara aliniita kwenye kibanda chake cha mabati. Akasema amesikia kwa Radi habari ya kituo, maana kila kitu kinasikika kwa Radi. Akasema, "Nitanunua la pili sasa hivi. Upate kituo chako, uniondokee, nipate fundi anayetazama kuta." Akatoa pesa mezani.

Nilizitazama. Niliona nyumbani kwetu, mlango, kila kitu. Mkono wangu ulishatoka. Nikavuta pumzi, wala sikuhesabu ngapi. Nikamtazama yeye badala ya pesa.

Kopo la kwanza lilikuwa juu ya meza, nyuma ya kikombe. Karatasi ya kampuni bado imezunguka kifuniko, haijachanika.

"Mzee," nikamwambia, "hujalifungua."

"Nitalifungua."

"Siku kumi na sita?"

"Nimesema nitalifungua! Wewe ni mke wangu?"

Nikanyamaza. Safari hii sikuwa nanyamaza ili ashindwe. Sikuwa na la kusema, basi. Mvua ilipiga bati. Naye akalichukua lile kopo, akaliweka kati ya viganja viwili, akajaribu kuzungusha kifuniko. Vidole havikunjiki, wala havikunjuki. Kopo likateleza, ukingo wa bati ukapita kwenye ufa wa kidole gumba, damu ikatoka. Akaliweka chini polepole.

"Nimejenga nusu ya mtaa huu," akasema. "Nimwambie nani kwamba kopo limenishinda?"

Nikachukua mwiko wangu kiunoni nilifungue. Nikausimamisha hewani.

Mwiko! Tangu siku ya kwanza makopo yote nafungua kwa mwiko. Kwa mshonaji, kwa waosha magari, kwa mama mwenye nyumba, nimefungua kwa mwiko, nikawapaka, nikafunga, nikaondoka na mwiko wangu. Na Radi anafungua kwa meno. Tunauza mafuta ya watu wenye mikono iliyopasuka ndani ya kitu ambacho mkono uliopasuka hauwezi kukifungua. Miezi miwili nimewasikiliza, lakini sikuwahi kumtazama hata mmoja akifungua kopo.

Nilimpaka mafuta mwenyewe, kidole kimoja kimoja. Alitazama ukutani muda wote. Pesa nilizirudisha. Nikamwambia atanunua hili likiisha.

"Na lisipoisha kabla ya mwisho wa mwezi?"

"Basi halitakuwa limeisha."

"Wewe ni mjinga," akasema, lakini mkono hakuuondoa.

Jumatano, 14 Mei

Fundi baiskeli amenipa mpira mwekundu wa ndani ya tairi, uliotoboka. Nimekata ukanda mwembamba, nikauvalisha kifuniko cha kopo. Unashika. Nimejaribu na mikono yenye sabuni, unashika. Radi amejaribu na mikono yenye saruji, akafungua na kufunga mara ishirini kama mtoto, akisema, "Meno yangu yanakushukuru."

Alhamisi, 15 Mei

Nimekwenda kwa wote. Sikuuza kitu. Nilimwambia mshonaji, "Nifungulie kopo lako nione." Akaanza kuzunguka zunguka, mara uzi umekatika, mara mteja anakuja. Mwisho akakiri huwa anasubiri mwanawe atoke shule amfungulie, na mwanawe siku hizi analala kwa shangazi yake. Waosha magari walikuwa wameyatoboa yao kwa msumari, mafuta yanatoka kama uzi. Mama mwenye nyumba alilitumia kopo kuzuia mlango usijifunge.

"Mbona hamkusema?" nikauliza.

"Ulikuwa unatusikiliza vizuri sana," mama mwenye nyumba akasema. "Tuliona aibu kukuharibia."

Wote nimewavalishia mpira.

Jumapili, 18 Mei

Nimemwonyesha Dada Tulia. Alifungua, akafunga, akafungua. "Tulia," akajiambia mwenyewe. Kisha akaniuliza fundi baiskeli yuko wapi.

Ijumaa, 23 Mei

Mvua zinapungua. Kazi mpaka jioni. Mgongo. Nimempigia mke wangu, nikamweleza habari za mgongo.

Jumatatu, 26 Mei

Mshonaji amenunua la pili. Mwosha magari mmoja pia, na mwenzake amemwambia asidhani ananishinda, naye akanunua.

Alhamisi, 29 Mei

Mama mwenye nyumba amenunua. "Hili ni la mkono. Lile la mlango lisiguswe."

Nimebakiza nyapara. Leo kopo lake lilikuwa chini ya nusu. Sikumwuliza. Nilipiga lipu ya ndani, vyumba viwili, na kila mwiko naukumbuka.

Ijumaa, 30 Mei

Nyapara hakuja kazini. Wanasema amekwenda kupokea saruji bandarini. Radi amezunguka chumba mpaka nikamfukuza nje. Mimi nimeketi. Nataka kituo, sisemi uongo, nakitaka kweli. Kesho nisipokipata, nitapiga lipu mpaka nauli itimie, nirudi na makopo yangu mkobani, niwauzie watu wa kwetu mmoja mmoja. Hiyo nimeshaamua, haitegemei mtu.

Jumamosi, 31 Mei

Jua. Saa nne hivi nyapara alipanda jukwaani mwenyewe, ngazi kwa ngazi, jambo ambalo halijatokea tangu nifike hapa. Alishika nguzo kwa vidole vyake, vikashika. Akatoa kopo mfukoni, akalifungua mbele yangu, akaligeuza juu chini kwenye kiganja. Tupu. Amepaka mpaka viwiko, viwiko vinang'aa.

"Nataka jingine," akasema. "Na la mke wangu. Na ule mpira uwe mweusi, siyo mwekundu, mimi siyo bibi harusi."

Radi alipiga ukelele mpaka wapita njia wakasimama.

Jumapili, 1 Juni

Dada Tulia amesoma jina la mji wetu, kisha langu. Makopo yote mapya ya mkoa yatavishwa mpira. Darasani hawakumwondoa. Wakati wa kufumba macho, Radi hakukoroma. Amesema kitanda changu atampa mwingine, apate mtu wa kumkoromea.

Nimekata tiketi nikitoka pale, kabla sijala.

Nikampigia mke wangu. Hakuuliza kampuni, nami sikuitaja kwanza. Nikamwambia, "Nina tarehe." Nikaitaja. Kisha nikanyamaza, siyo kwa mafunzo.

Hakusema halo. Nilisikia kuku wetu, nikasikia mtoto akiuliza ni nani. Nikamsikia mke wangu akivuta pumzi.

"Niko hapa," akasema. "Mtoto amechukua mkaa, anasema anataka kuiandika ukutani. Irudie."

Jumamosi, tarehe saba Juni, asubuhi, basi la kwanza.